Kofia ya Jino la Agnetha

Igalula, Uyui,
Tabora.
9 Agosti 2024

Mpendwa mdogo wangu Prisila,

Pokea salamu zetu nyingi. Hujambo huko Morogoro? Shemeji na watoto je? Mama yetu mzima, magoti tu yanamsumbua, tena anasema umemsahau. Baba Agnetha yuko porini kwenye mizinga. Kaka yake Gerson hajambo, anafyatua matofali. Agnetha anasema shikamoo mama mdogo, ila anaisema kafunika mdomo kwa kanga. Hilo ndilo limenifanya nishike kalamu.

Lile jino lake la mbele, lililovunjwa na mpini wa bomba la kisima, tulikwenda nalo kwa daktari mjini. Wiki iliyopita akalichonga kuzunguka lote, likabaki kama punje ya mahindi. Prisila, nililia. Akamng'atisha kitu laini kama udongo, achukue alama ya kutengenezea kofia ya kudumu, ndani chuma, nje kaure nyeupe. Atavalishwa tarehe 21. Kwa sasa akambandika ya muda, akatuonya asing'ate kigumu, na ikitoka turudi upesi, maana meno ya jirani yatasogea na kofia mpya itagoma kuingia.

Sasa sikia nilichofanya. Juzi nilimwona mtoto anakunywa uji tu, nikamhurumia, nikampa matobolwa. Vile viazi vikavu vikaing'oa! Nikaibandika kwa nta ya nyuki ya baba yake. Akacheka, "Mama, unaziba jino au mzinga?" Leo hacheki. Fizi imevimba, na maji ya baridi yanamchoma.

Hataki daktari ajue, eti ni aibu. Mimi aibu siiogopi. Naogopa kofia ikatae, abaki na kile kipunje, naye kwaya ameshaiacha tangu Pasaka kwa ajili ya hilo hilo pengo.

Daktari hayupo mpaka Jumatatu. Siku hiyo tutapanda treni, atake asitake, na kabla hajafunua mdomo nitasema mwenyewe: ni mimi, si mtoto.

Wewe ulishavalishwa jino la namna hii, unajua. Nta niitoe au niiache mpaka tufike? Nimempa Anton barua hii, anaondoka kesho alfajiri kuja huko, maana kwa simu ya jirani yangu Mwanne mtaa mzima ungesikia.

Msalimie shemeji, na Kasimiri mwambie mama mkubwa wake anamkumbuka. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake.

Dada yako akupendaye sana,
Apolinaria

Ukishasoma tu, piga kwa Mwanne. Sema neno moja, toa au acha, nitaelewa. Usilaze jibu, mdogo wangu.