Da Mishi, Kiolezo Chako Bado Kinajenga

Da Mishi,

Leo ni Ijumaa mchana. Wanaume wa jengo hili wamekwenda msikitini, Brian amekwenda kutafuta chapati, nami nimebaki peke yangu katika ofisi yetu ya Ukunda, juu ya lile duka la magodoro. Nimekaa kwenye kiti changu. Chako nimekipakia makaratasi, asije mgeni akakikalia kabla sijawa tayari.

Tangu tukuzike Gazi nina mengi ya kukwambia, na sina wa kumwambia. Mama yako nikimpelekea habari za kompyuta hunikata kauli. "Mwanangu, hayo mimi siyajui. We niambie umekula." Kwa hivyo nakuandikia wewe uliyenifundisha kazi hii, maana ni wewe tu utakayejua ni kitu gani nimekiona.

Kwanza habari za nyumbani. Mama yako hajambo, ila magoti. Arubaini yako ilisomwa na watu wakajaa mpaka barabarani, na wauguzi wawili walitoka Vanga kwa barabara ile unayoijua, wakafika wamejaa vumbi hadi kope. Brian, kijana wetu wa Nairobi, siku hizi anasema shikamoo bila kukumbushwa, ingawa juzi alimwamkia msichana wa chipsi aliye mdogo kuliko yeye. Tulicheka, ila wewe ndiye ungecheka zaidi.

Sasa habari ya kazi. Zahanati zetu, zile zinazotunza kadi za kliniki za kina mama kwenye mfumo wako kuanzia Gazi mpaka Vanga, zinataka zahanati za Mackinnon Road nazo ziingie. Ikabidi tuuhamishe mfumo kutoka kwenye kiolezo chako cha zamani.

Unakikumbuka. Faili moja refu, umeandika ndani yake kila kitu kinachotakiwa kuwepo huko kwenye wingu, kwenye kompyuta za mbali tunazozikodi: hapa pawe na mtandao, hapa seva, hapa hifadhidata ya kadi, hapa mlango wa kuingilia. Siku ya kwanza uliponionyesha, ulilikabidhi wingu faili hilo, ukaenda kujitilia chai ya tangawizi, na uliporudi vyote vilikuwa vimesimama. Nikakuuliza nani aliyevijenga. "Maneno, Siti," ukaniambia. "Basi andika maneno yako kwa adabu." Nilirudi nyumbani siku ile nikashindwa kula.

Lakini siku hizi watu hawaandiki tena mafaili marefu namna ile. Wanaandika programu, na programu ndiyo inayotunga kiolezo, na kuongeza zahanati mpya kumi ni mistari michache. Brian alikwisha amua. "Siti, hii kitu ya Mishi ni ya kitambo. Tuitupe tuandike fresh, two weeks tumemaliza." Nilimjibu vibaya kuliko alivyostahili. Niliona kama anataka tukuzike mara ya pili.

Nikasoma. Nilisoma kwa wiki nzima, kama ulivyonizoesha, nikagundua kumbe hakuna haja ya kutupa. Programu mpya inaweza kukichukua kiolezo cha zamani kizima, ikakiweka ndani yake jinsi kilivyo, kisha ukakiita kila kitu kilichomo kwa jina ulilokipa wewe na kuendelea kujenga juu yake. Da Mishi, nilisimama. Nilizunguka meza mara mbili. Kazi yako yote, miaka yote ile, ingeingia kwenye mpya bila kuguswa hata nukta.

Bila kuguswa. Hapo ndipo nilipokosea, na hili sijamweleza mtu kwa ukamilifu wake.

Unajua ulivyovipa vitu majina ya watu wa kwenu. Mlango uliuita BiZaina, kwa shangazi yako ambaye hakuna anayepita barazani kwake bila kuulizwa anatoka wapi. Hifadhidata ya kadi uliiita Salimu, kwa mjomba wako ambaye hakupata kupoteza hata kifungo. Na Salimu ni jina la baba mkwe wangu. Kwetu mke hamtaji baba mkwe kwa jina. Mwanangu wa kwanza amerithi jina hilo na mimi mwenyewe niliyemzaa humwita Babu. Ulilijua hilo, na ulinitania nalo miaka yote. Kila ilipobidi kuandika amri ya kuizima au kuiwasha, ulikuwa unanisukuma pembeni na kiti changu. "Nipishe nimwamshe mkweo." Ukaandika wewe.

Sasa hukuwepo. Nikaona nitawezaje kuandika jina la mzee yule kwenye amri za kufuta na kuzima, tena kila siku. Kwa hivyo kabla ya kukiingiza kiolezo chako kwenye programu nilibadilisha neno hilo moja tu. Palipoandikwa Salimu nikaandika HifadhiYaKadi. Niliona ni adabu.

Na wewe ulinifundisha, tena siku za mwanzo kabisa, kwamba wingu halimjui mtu kwa sura. Linajua jina. Ukibadilisha jina, linaona aliyekuwepo hatakiwi tena, na kuna mgeni anayetakiwa kujengwa. Nililijua jambo hilo. Da Mishi, wallahi nililijua.

Hata hivyo kosa langu lilikuwa na pa kunaswa, kwa sababu ya ile kanuni yako ya kusoma kwa sauti. Kabla ya kubadilisha chochote, mashine inatoa orodha ya itakayoyafanya, na wawili wanakaa: mmoja anasoma, mwengine anafuata kwa kidole. Ulipokuwa hai msomaji ni wewe. Jumanne ile msomaji nilikuwa mimi, Brian akifuata kwenye karatasi yake huku anajibu simu. Nikasoma, BiZaina abaki, mtandao ubaki, HifadhiYaKadi ijengwe. Nikafika kwenye mstari unaosema Salimu ataondolewa. Nikauruka. Sikukusudia. Macho yangu yamezoea miaka kumi na miwili kupita juu ya jina lile bila kusimama, na yakapita. Brian hakuona kitu. Nikabonyeza.

Hazikupita dakika nyingi, akapiga simu Mwanaidi, muuguzi wa Vanga. Unamjua, hata nyumba ikiungua anaanza na salamu. Siku ile hakuamkia.

"Siti, kadi ni nyeupe. Zote. Na nina mama hapa wa kupelekwa hospitali ya Msambweni, uchungu umeshika, na aliwahi kupasuliwa. Wataniuliza alipasuliwa lini na kwa sababu gani, na yeye hawezi kusema."

Nilitazama skrini. Hifadhi ilikuwepo, mpya, nzuri, na ndani yake hakuna mtu hata mmoja. Brian aliuliza, "Data imeenda wapi?" na sikuweza kumjibu, kwa sababu jibu lilikuwa ni jina.

Nikakifungua kiolezo chako cha asili, nakala ambayo sikuigusa. Sijui nilikuwa natafuta nini, nadhani nilikuwa nakutafuta wewe. Nikasoma kipande cha Salimu toka juu, polepole, kila neno, na chini kabisa nikaukuta mstari ambao nimeupita mara mia: kikiondolewa kwenye orodha, kisifutwe, kiachwe kilivyo. Nilipokuwa mwanafunzi nilikuuliza wa nini, maana nani mwenye akili atakayeiondoa hifadhi ya kadi. Hukuniinulia hata uso. "Binadamu hughafilika, Siti." Nilidhani unawasema watu wengine.

Alikuwepo. Nje ya orodha, hana tena mahali kwenye mpango wetu, lakini yupo, na kadi zote za kina mama anazo. Nikaielekeza programu kwa anwani yake kwa mkono, nikamwambia Mwanaidi afungue tena. Nilimsikia akivuta pumzi. Akanisomea kadi kwenye simu bila mimi kumwomba, nadhani alitaka tuhakikishe wote wawili, tarehe ya upasuaji, sababu, aina ya damu. Kisha akasema, "Haya, tunaondoka," akakata.

Mtoto alizaliwa alasiri ile. Wa kike. Mwanaidi aliniletea habari, na safari hii aliamkia kwanza.

Nililia chooni, nakwambia kweli. Si kwa hofu tu. Nililia kwa sababu miezi mitano baada ya kuwekwa udongoni umenishika mkono. Uliandika mstari mmoja zamani, pengine siku ya joto, pengine una njaa, na mstari ule ukakaa ukisubiri siku ambayo mjinga mmoja atakuja na adabu yake. Sijui tuite nini jambo namna hiyo. Nimezaliwa kwenye dini na nimesikia mengi kuhusu amali za mtu zinazobaki nyuma yake, lakini sikudhani nitaiona moja kwa macho yangu, kwenye skrini, saa nne asubuhi.

Brian naye alibadilika siku ile. Aliusoma mstari wako, akavua kofia yake. Baadaye akasema, "Hii kitu tusiitupe." Hajasema tena habari ya fresh.

Ilituchukua siku mbili kumrudisha Salimu kwenye orodha kwa jina lake na kuiondoa ile hifadhi tupu. Ikabaki kuifanya kazi upya, sawasawa, na hapo hapakuwa na njia ya kuzunguka. Kiolezo kingeingia jinsi kilivyo, na kila tutakapotaka kitu kwa yule mwenye kadi, itabidi programu imwite, na ni mimi nitakayeandika. Nikaona siwezi kufanya jambo hilo kwa siri.

Jumamosi nikaenda Msambweni kwa wakwe. Nilimkuta mzee anamenya mihogo ukumbini, nikaketi chini mkekani, nikamwamkia, nikamweleza yote, kosa langu pamoja. Alimenya mpaka mwisho wa muhogo ule bila kunitazama, nami nikaona nimekwisha.

"Huyo mwenzangu," akasema, "ametunza kadi za kina mama wangapi?"

Nikamwambia ni wa zahanati zote, Gazi mpaka Vanga.

"Na hajapoteza hata moja?"

"Hajapoteza, Baba."

"Basi mtaje, mwanangu. Mimi mwenyewe kitambulisho kimenipotea mara tatu." Akachukua muhogo mwengine. "Ila hapa nyumbani uniite Baba."

Jumatatu tuliketi, Brian na mimi. Nilikitia kiolezo chako ndani ya programu yetu kizima, toka mstari wako wa kwanza hadi wa mwisho, na pale pa kumwita nikaandika, herufi moja moja, S, a, l, i, m, u. Kisha tukaiomba mashine itupe orodha ya itakayobadilisha. Nilikuwa tayari kusoma kila neno kwa sauti, hata jina la baba yangu mzazi kama lingekuwemo.

Hapakuwa na orodha. Ilitoa maneno mawili tu, hakuna tofauti.

Brian aliuliza kama imeharibika. Nikamwambia hapana. Seva zako ziko mahali pake, mlango wako unauliza maswali yake, kadi zimetulia, na kule Vanga hakuna aliyehisi hata kope kupepesa. Mfumo mzima ulikuwa umehamia nyumba mpya na haukujua kwamba umehama. Nimeiona kazi hii miaka mingi, na sijaona kitu kikubwa kama ukimya ule. Tulikaa tukiyatazama maneno yale mawili, mpaka muuza magodoro chini akafungulia redio yake.

Basi, dada yangu, mwalimu wangu. Nakusikia ukisema barua imekuwa ndefu na chai imepoa. Mwenyezi Mungu akurehemu, akulaze pema, akupe nuru huko uliko. Mama yako nitapita kwake jioni, na nitamwambia nimekula.

Ahadi yangu kwako ni moja. Jumatatu tunaanza zahanati za Mackinnon Road. Nitaanzia chini ya mstari wako wa mwisho, na nitausoma kwa sauti kwanza.

Wako,
Siti