Habari ya Mwisho

Dada Demetria,

Shikamoo. Natumaini ulifika Bukoba salama. Sie huku Mtoni tumerudi kazini.

Ghala letu la Mkuranga bado limeungwa na ofisi kwa laini ya simu. Mtambo wa kule ulikuwa unapigia wa ofisini kila dakika kusema njia ipo, nikauzuia usipige mpaka kuwe na taarifa za mzigo za kutuma. Ukazimika siku tatu, na wa ofisini ukaendelea kuonyesha njia ipo. Ndiyo habari ya mwisho mtambo huo wa ofisini uliyokuwa nayo.

Mama naye nilimwambia asinipigie kama hakuna ishu. Jumatano uliponiuliza hali yake, nikakujibu mzima. Sikuwa nimeongea naye tangu Jumamosi. Majirani zake wa Boko walipovunja mlango Alhamisi, walisema ni siku ya tatu tangu afariki.

Mdogo wako,
Revelian