Moshi wa Bayankhoshuu

Kambini kwa Mzee Choidog,
Arkhangai,
Januari

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima kutoka huku ambako theluji imetufika magotini. U hali gani? Kifua kimepata nafuu, au bado unaamka ukikohoa? Na miguu je? Sisi baridi tunaimudu, mifugo haijakonda, na baba mkwe, Mzee Choidog, anakusalimu sana. Anasema anakushukuru kwa kumpa mwanao, ila ungemfundisha kwanza kutofautisha mbuzi na kondoo. Juzi niliswaga kundi la jirani nikaliingiza kwenye zizi letu, na tangu hapo kila apitaye anauliza, “Yuko wapi yule mwizi wa mjini?”

Najua una hasira nasi kwa kuondoka bila baraka yako. Kila nikipanda kilimani kutafuta mtandao nikupigie, nikitamka tu neno moshi, unakata simu. Ndiyo maana nimeandika. Karatasi unaweza kuichana, lakini nakujua, utaisoma kwanza.

Mama, mimba zetu mbili zilitoka, na zote zilitoka wakati wa baridi. Ya kwanza ulisema mke wangu Anudari alikalia jiwe la baridi. Ya pili ukasema alikanyaga kizingiti, tena anakunywa maji yasiyochemshwa. Kisha ukashindilia makaa ya mawe jikoni mpaka bomba likawa jekundu, ili mkweo apate joto. Najua ulifanya kwa mapenzi, na ndiyo yanayonichosha zaidi. Nilipokuambia huenda ni hayohayo makaa, ulicheka mbele ya majirani: “Moshi! Mimi nimezaa wanne, na mapafu yangu ni ya farasi!” Lakini wote wanne ulituzalia huku nyikani, kabla ya ile baridi mbaya iliyoua mifugo yetu na kutusukuma mjini. Huko mjini, Bayankhoshuu, hukubeba hata mimba moja. Nilikuambia hivyo, ukasema siku hizi nakujibu.

Daktari wa kliniki, yule mama mwenye sauti ya chini, alitueleza bila haraka. Alisema vumbi la moshi ni laini mno, mapafu hayawezi kulizuia lote. Huingia kwenye damu ya mama, na linaweza kufika hata kwenye kondo la nyuma, pale mtoto anapopatia chakula na pumzi. Likiharibu pale, mtoto hupungukiwa, na huenda ni wakati uleule moyo wake ndio kwanza unaumbwa. Hakuapa kwamba ndiyo sababu yetu. Alisema mimba hutoka kwa mambo mengi. Lakini kila baridi ikiingia, wodi yake hujaa. Nikamwuliza tufanye nini. Akaniuliza kama tuna ndugu nyikani.

Na usidhani nilikimbilia kuondoka. Niliziba kila tundu la hema letu la huko mjini. Nikanunua mashine ya kuchuja hewa, umeme ukawa unakatika jioni, saa ileile kila mtu anapowasha moto. Nikaenda hadi kwa Dulmaa, jirani yetu anayechoma vipande vya matairi, nikamsihi aache. Akaniangalia akasema, “Kijana, nizime moto nigande, ili mkeo azae?” Nilirudi nyumbani nikapiga ngumi mlango wetu, maana hakukuwa na mwingine wa kumpiga. Hakuna anayewasha moto kwa ubaya. Kila mtu anataka joto tu, na moshi wa watu wote unaingia kwa mwanamke mmoja aliyelala.

Utasema hata huku tunachoma mavi ya ng’ombe. Ni kweli, na mlango ukifunguliwa vibaya macho yanatuwasha. Lakini bomba ni moja, upepo huuchukua moshi, na bomba la jirani liko ng’ambo ya kilima.

Anudari ni mjamzito tena. Ameshaipita miezi ile ambayo wawili wa mwanzo walituponyoka. Mtoto anacheza, akinywa chai yenye chumvi anarusha teke mpaka bakuli linatikisika. Sijui itakuwaje mbele, lakini tumefika hapa.

Sasa Mama, kaa chini, maana haya siyo niliyoanza nayo, ila ndiyo yaliyonifanya niandike. Mdogo wangu Uyanga ameniomba kwa simu nikuambie, kwa sababu yeye ameshindwa. Unamwita mvivu kwa kuwa analala mchana, na nyama ya kondoo ikichemka anakimbilia nje. Binti yako ana mimba. Ni ya Erdene, yule fundi umeme, na wazee wake watakuja sikukuu ya mwaka mpya, Mwezi Mweupe, kumposa. Nilimgombeza, nikamwuliza kwa nini hajakuambia mzazi wake. Akanijibu huku analia: “Kaka, nilikuwa nyuma ya pazia siku Mama alipomwambia Anudari tumbo lake ni kopo lililotoboka. Na hii yangu ikitoka, mimi ataniitaje?”

Mjibu wewe. Lakini usimjibu kwa kelele, na usimwongezee makaa. Anavuta moshi uleule, kwenye kitanda kilekile alicholalia Anudari.

Zorigoo, dereva aliyekuletea barua hii pamoja na nyama, atageuza kurudi huku Jumamosi asubuhi. Mfunge Uyanga skafu nzito, mpakie garini, Erdene atamfuata huku. Kama hutaki kumruhusu kwa ajili yangu, mruhusu kwa ajili ya huyo mjukuu ambaye hujamlaumu bado.

Zorigoo ataacha nafasi mbili. Mimi nilikuwa nimesema moja. Ni Anudari aliyenyang’anya simu akamwambia ziwe mbili, akasema na wewe kifua chako kinahitaji kupumzika, na kitanda chako ameshakitandika upande wa mashariki wa hema.

Nisalimie Dulmaa, mwambie sina kinyongo naye. Wasalimie wote wanaoniulizia, na ujifunike vizuri njiani. Baba mkwe na Anudari wanakusalimu kwa mikono miwili.

Ni mimi mwanao anayekupenda, hata tukigombana,
Battsooj