Mama, Kona ya Nyumba Inakufuata

Mama,

Shikamoo. Huku Mwamgongo tuko wazima, isipokuwa nyumba. Nyumba inaumwa, na ugonjwa wake ni wewe.

Usinune kwanza, nisikilize. Ulipokuwa kitandani tulikwambia makaburini kule chini nafasi ipo. Ukakataa. Ziwa limepanda, ukasema, "mimi silali na samaki, na migebuka." Ukataka hapa hapa, chini ya dirisha la chumba cha watoto, uwe unawasikia. Baba mdogo akasema ni karibu mno na msingi, ukamkata jicho. Kisha ukanigeukia kwa sauti ile ya kuomba: "Mwana wanje, mwanangu, niweke karibu." Ningefanyaje?

Basi mvua zikaja. Maji yote ya bati yanadondokea hapo kwako, na udongo ulikuwa bado mlaini. Kaburi likatitia, kona ya nyumba ikalifuata. Sakafu ya baraza imepasuka katikati, mlango haufungi mpaka niupige teke, na ukutani kuna ufa toka dirishani hadi chini. Kaka Zabroni, unamjua mtu wako, akaja na saruji kwenye ndoo akauziba. Ukafunguka. Akauziba tena! Fundi tuliyemleta kwa boti alicheka: "Mgonjwa anaumwa miguu, nyie mnampaka poda." Kasema maji yanapita chini ya msingi, tutaziba mpaka tuzeeke.

Na mjukuu wako Neema anaweka mdomo kwenye huo ufa anakusimulia. Juzi nimemkuta ananishtaki kwako kwamba nimemnyima andazi. Nimemkataza kulala chumbani humo, ukuta usije ukamwangukia, sasa kila jioni ni kilio: "Bibi atabaki peke yake." Mimi nina mdogo wake mgongoni, kuni zimelowa, moshi umejaa, halafu nabishana na mtoto kwa ajili yako. Nimechoka, Mama.

Zabroni anataka uhamishwe. Wazee wamekaa, wakaanza kutikisa vichwa kukubali. Nikasema hapana. Si kwamba huna kosa, unalo, na ubishi umeenda nao huko huko. Lakini ziwa lilipoimeza nyumba ya kwanza ulipanda huku juu na masufuria kichwani. Umeshahamishwa inatosha.

Kwa hiyo Jumatatu fundi anabomoa kona. Ukuta utarudi ndani, msingi mpya ushuke mpaka kwenye udongo mgumu, mawe na zege. Bati litawekewa mfereji, maji yaende kwenye migomba. Chumba kitabana, kitanda kitaingia kwa kusukuma. Dirisha linabaki upande wako. Neema kakubali, ila anataka liwe chini, alifikie.

Wewe baki hapo, nyumba ndiyo itasogea. Nakuahidi mchana dirisha hilo sitalifunga, utawasikia mpaka uchoke kama nilivyochoka mimi. Ila na wewe tulia sasa, Mama. Usituvute.

Mwanao,
Eliza