Madoa Yametoka

Dada yangu mpendwa,

Anayekuandikia ni yule fundi ambaye hakuna doa chini ya jua lililowahi kumshinda. Wino, kutu, oili ya gereji, damu ya bwana harusi aliyejikata akinyoa, vyote vimenipigia magoti. Wateja wananiita Daktari wa Madoa, na kama ningemaliza shule badala ya shule kunimaliza mimi, sasa hivi ningekuwa nafua mawingu. Natumaini u mzima, pamoja na shemeji na mpwa wangu mwenye kichwa kikubwa kama changu. Mimi sijambo. Mama ndiye aliyenikalisha chini niandike.

Unakumbuka jicho lake lilivyoingia ukungu, kisha vidole vikafa ganzi, wakampiga picha ya kichwa wakakuta madoa. Daktari alitueleza kwamba mishipa ya ubongo imevikwa ngozi kama waya wa pasi, na kinga ya mwili wake mwenyewe ndiyo inayoitafuna. Kila inapotafuna hubaki doa. Akampa sindano za kuituliza. Mama alimjibu kwamba amefua madoa ya watu miaka thelathini, si ajabu mengine yamehamia kwake.

Miezi mitatu iliyopita tulirudi kwa picha nyingine. Mama alikuwa na nguvu, anabeba vikapu, ananisema kwamba kola nilizopiga pasi mimi zinafanana na zilizotafunwa na mbuzi. Alipokuwa bado anavaa viatu, daktari akaniita ndani, akaweka picha mbili ukutani. Kwenye ya zamani nilihesabu madoa manne. Kwenye mpya, saba, na mawili yaking'aa kama balbu. Akasema dawa ya rangi aliyochomwa kabla ya picha hukusanyika pale penye kidonda kibichi, kwa hiyo ugonjwa unaendelea kula kimyakimya hata kama mgonjwa anajisikia vizuri. Sindano zimeshindwa, tubadilishe dawa upesi, maana kuna kinacholiwa ambacho hakirudi. Akaniambia nikamwite mama amweleze mwenyewe.

Nikatoka. Mama alikuwa kwenye benchi anafunga kamba za viatu kwa vidole vyake vyote, jambo lililokuwa limemshinda tangu mwaka jana. Akainua uso akaniuliza kama madoa yametoka. Nikamwambia yametoka.

Wewe umekulia kwenye beseni la sabuni kama mimi. Unajua kwetu doa likitoka maana yake limeisha. Kwa daktari, doa likitoka limejitokeza. Nilisema neno la daktari, mama akasikia la dobi. Akanishika shavu kama mtoto. Nikamwambia tumeruhusiwa kwenda nyumbani.

Sindano akaziacha. Bahasha ya picha niliificha chini ya blanketi la meza ya pasi, na kwa miezi miwili mama alipiga pasi juu ya kichwa chake mwenyewe, akiimba.

Mwezi uliopita mguu wa kulia ulikataa kumfuata mwenzake. Siku ya pili yake aliegemeza mkono kwenye pasi ya moto. Harufu tuliisikia sote. Yeye alikuwa ananitazama, ananiuliza nimeunguza shati la nani.

Sasa hasimami. Kijiko namshikia mimi. Daktari mwingine aliyempokea anasema huenda baadhi ya nguvu zikarudi, zipi hajui. Daktari wetu yuko safarini, anarudi mwisho wa mwezi, na swali lake la kwanza nalijua. Njoo kabla yake, dada. Kila asubuhi mama ananiomba msamaha. Anaamini madoa yalikuwa yameisha, akayarudisha mwenyewe kwa kubeba vikapu nilivyomkataza.

Hapo juu nimejaribu kukwambia kwamba neno ndilo lililompotosha mama. Si kweli. Lilinitoka kwa bahati mbaya, lakini kabla hajaondoa mkono shavuni nilishajua amesikia nini. Daktari alikuwa hatua sita nyuma yangu, mlango wazi. Nikamshika mama mkono nikamtoa nje, kwa sababu alikuwa anacheka.

Msalimie shemeji, na mpwa wangu umpapase hicho kichwa. Mama anakusalimu sana. Ameniagiza nikwambie madoa yamerudi, ila usiwe na wasiwasi, yuko na fundi.

Mdogo wako,
dobi