Kiti Kilicholazwa Juu ya Goti Langu

Korogwe, Jumamosi. Joto limekaza tangu asubuhi, na mimi nimekasirika tangu Jumatatu.

Niliteuliwa pamoja na Ndugu Mhina wa Handeni kwenda Mwanza, kwenye semina ya walimu wa elimu ya watu wazima. Tulipanda ndege Dar es Salaam. Kwangu ilikuwa mara ya kwanza. Goti langu la kulia lilikuwa na bendeji, kwa sababu wiki iliyotangulia nilianguka na baiskeli nikienda kufundisha wafanyakazi wa mkonge kule Ngombezi. Ndugu Mhina alijua. Aliniona nikichechemea uwanjani.

Alikaa mbele yangu. Chai ilipokwisha kugawiwa, alibonyeza kitufe, akajilaza. Mgongo wa kiti ukanigonga gotini, chai ikanimwagikia mapajani.

Nilimwambia kwa adabu, "Ndugu Mhina, samahani. Goti linaniuma. Naomba uinue kiti kidogo."

Hakugeuka. "Mwalimu, kitufe kimewekwa kibonyezwe. Na wewe laza chako."

Nyuma yangu alikuwa bibi mmoja, kikombe cha moto mkononi. Nimlalie bibi wa watu?

Sikulaza.

Nikiri hapa, maana hapa hakuna wa kunihukumu: kila alipoanza kukoroma nilikisukuma kiti chake kwa goti langu zima, lile la kushoto. Nilifanya hivyo mara nyingi, na kila mara nilifurahi.

Siku ya pili ya semina, yeye ndiye aliyesimama kuzungumzia usawa. Akasema mjamaa wa kweli hajitanui huku mwenzake amebanwa. Palipofika maswali niliinua mkono, nikaeleza habari ya kiti, yote, na jina lake nikalitaja. Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Ndugu Mhina alikunja karatasi zake, akakaa.

Jana akalipiza. Tuliposhuka ndege Dar es Salaam tulingojewa na Landrova ya serikali, iturudishe sote wawili. Nilikwenda kuchukua mzigo wangu, niliporudi gari halipo. Mpagazi mmoja akaniambia, "Mzee amesema mama atapanda basi."

Nikapanda basi, mguu umekunjwa hadi Korogwe. Leo goti limevimba kama boga. Mume wangu analikanda kwa maji ya chumvi, na ameniuliza kama ilikuwa lazima ukumbi mzima usikie.

Labda haikuwa lazima. Ningeweza kumwita pembeni. Nimelifikiria hilo mchana kutwa, lakini nikikumbuka kile kisogo kilivyolala karibu na pua yangu, naona ningesema tena, na kwa sauti kubwa zaidi.

Jumatatu tunaandika ripoti pamoja, meza moja. Amenizidi miaka kumi na tano. Nisipomwamkia, watasema sikulelewa.

Shikamoo hiyo itanitoka kweli?