Sindano, Vidole na Hina

Jumatano, baada ya Isha

Wifi yangu Mwanakheri bado ashikilia kuwa ni jicho la watu lililonivimbisha vidole. Nimemweleza alivyonieleza daktari: mwili wangu watoa protini kupita kiasi, zajishika kwenye vipokezi vya seli, na seli zadhani kuna adui, ndipo viungo huvimba. Sindano huzinasa njiani.

"Na hizo protini kazituma nani?"

"Si wewe, wifi. Tulia."

Tumecheka.

Homa naiogopa, kwani dawa hii hupunguza kinga. Lakini leo nimemchora bi harusi hina mikono yote miwili, Alhamdulillahi. Mamake, kwa kutoviamini vidole vyangu, alikuwa kamweka mchoraji mwingine tayari. Yule dada alimaliza kahawa yake, akalitazama ua la mwisho, akavaa buibui akenda zake.